Kitanda Kisichopita Mlangoni

Juzi mdogo wangu Onsare aliangusha nyumba yetu ya zamani. Udongo ulikuwa umechoka, ukuta wa jikoni umeinama, na mchwa walikuwa wamekula nguzo mbili. Vijana wa kuvunja walianza na mabati, wakashukia kuta, na kufikia saa sita mchana kilichobaki kilikuwa rundo la udongo mwekundu. Katikati ya rundo, juu ya miguu yake minne, kilisimama kitanda. Jua lilikuwa halijawahi kukifikia. Mbao zilipopata joto zilianza kutoa harufu, moshi wa zamani na utamu mkavu wa mti wa mukima, na mimi nikakaa chini pale pale kwenye udongo na nguo zangu safi.

Kijana mmoja alijifuta jasho akaniuliza, "Mama, hiki mlikiingizaje humu?"

Nikamwambia hakikuingizwa.

Alicheka akidhani ni mzaha. Ninyi wa rika langu, hasa mliobaki na wadogo zenu mkiwa bado wadogo wenyewe, labda hamtacheka. Kwa hiyo nawaandikia ninyi.

Baba alitangulia. Mama akamfuata baada ya misimu miwili ya mahindi. Nilikuwa darasa la saba, na nyuma yangu walikuwepo watatu: Moraa, ambaye alisoma kitabu chochote kilichomwangukia mkononi, Onsare, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya mbele, na Kwamboka, ambaye bado nilimbeba mgongoni. Jeneza la mama lililala sebuleni kwetu siku moja kabla ya mazishi. Lilikuwa la mbao mbichi, na harufu yake ilijaa nyumba nzima, ikaingia kwenye maziwa na kwenye blanketi. Kwamboka alishinda ameketi kando yake, pua yake kwenye ubao. Watu wakasema mtoto haelewi. Mimi sikujua kama anaelewa au haelewi. Nilijua tu kwamba tangu siku hiyo nikipita karibu na mbao mpya nilibana pumzi.

Siku ya kugawa nguo za marehemu, shangazi yetu aliyeolewa Ogembo alichukua kitanda cha mama. Alisema si vizuri watoto kulalia kitanda cha mgonjwa. Kilifunguliwa vipande vipande, kikafungwa nyuma ya pikipiki, na tukasimama njiani tukikiangalia kikishuka bonde huku ubao wa kichwani ukitikisika. Usiku huo tulitandika magunia sakafuni, juu yake mkeka, tukalala wanne kwa mstari.

Siku chache baadaye baba mdogo, mdogo wake baba, aliitisha kikao uani kwetu. Mzee wa kanisa alikuwepo, na shangazi pia. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mboga za chinsaga, na ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa ambao ulipitisha kila neno.

"Tuangalie ukweli," baba mdogo alisema. "Watoto hawa wanalala chini. Hawana hata kitanda. Utawaachaje peke yao hapa?"

Mzee wa kanisa aliguna. Alisema baridi ya sakafu inaingia kifuani.

Wakapanga. Moraa angekwenda Ogembo kwa shangazi. Onsare angekwenda kwa baba mdogo, huko juu karibu na barabara. Kwamboka angechukuliwa na jamaa wa mama. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mkubwa, wakasema, na kulikuwa na familia mjini Kisii iliyohitaji msichana wa kazi. Yote yafanyike Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa.

Niliacha zile mboga. Nilishika neno moja tu katika yote waliyosema. Akilini mwangu ilikuwa rahisi sana: sisi tunatawanywa kwa sababu hatuna kitanda. Kitanda kikiwepo, sababu haipo. Sikujiuliza ni nani aliyekichukua kile cha kwanza, wala kwa nini mtu ambaye hakuwahi kutuletea hata unga alijali tunalala wapi. Nilihesabu siku hadi Jumapili ile, nikatafuta panga.

Niliangusha mkaratusi mwembamba kando ya kijito, nikaukata vipande siku hiyo hiyo. Misumari niliing'oa kwenye banda la kuku. Nilijiambia nianze na kiti kidogo, nijaribu mkono kabla ya kitanda. Kilisimama vizuri siku mbili. Siku ya tatu miguu ikaanza kujipinda kila mmoja upande wake, na ubao wa juu ukapasuka kwa mlio uliomwamsha Kwamboka. Onsare alikikalia kwa heshima ili nisione aibu, kikamtupa chini. Alicheka mpaka Moraa naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika ndani ya nyumba ile tangu mazishi, na mimi nilikasirika kiasi kwamba nilikitwaa kiti nikatoka nacho.

Nilikibeba kichwani mpaka Nyaramba. Njia inapita kwenye kituo cha kupimia chai, na wanawake walikuwa wamejipanga na vikapu vyao.

"Huyo anapeleka nini?" mmoja aliuliza.

"Sijui. Labda ni mbuzi."

Sikusimama.

Fundi Ombui alikuwa na kibanda pembeni mwa soko. Alitengeneza meza, milango, na majeneza ya eneo lote lile. Jeneza la baba lilikuwa la mkono wake, na la mama pia. Nilibana pumzi nikaingia.

Alikitazama kiti changu, akakizungusha. "Hiki ni nini?"

"Ni kiti."

"Nani amekuambia?"

Aliubonyeza mguu mmoja wa kiti kwa kidole gumba.

"Mti huu ulikatwa lini?"

"Jumatatu."

"Na leo ni Alhamisi." Alikirudisha mikononi mwangu. "Msichana, mti huu bado haujajua kwamba umekatwa."

Nilimwambia kiti hakina maana, ninachotaka ni kitanda. Aliuliza cha nani. Nikasema cha watu wanne. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, akaisimamisha randa katikati. Alitujua. Alikuwa ameingia kwetu na futi kamba mara mbili.

"Mbao kavu mnazo?"

Ndipo nikakumbuka dari. Muda mrefu kabla hajaugua, baba alipasua mti wa mukima uliokuwa mpakani akapanga mbao zake juu ya jiko, amtengenezee mama kabati la vyombo. Hakupata kulitengeneza. Mama alipika chini ya mbao zile miaka yote hiyo, asubuhi na jioni, na zilikuwa zimekuwa nyeusi kama sufuria. Siku iliyofuata nilileta moja, nimeibeba begani. Fundi Ombui aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akapitisha randa mara moja. Chini ya ule weusi ilitokea rangi ya chai ya maziwa.

"Hii," alisema, "imekaushwa kuliko za kwangu."

Tulikubaliana kwamba nitafagia maranda na kupanga mbao zake, naye ataniachia kona ya meza na msumeno wenye mpini uliopasuka. Asubuhi nilichuma chai yetu, nikaipeleka kupimwa, mchana nikaenda Nyaramba na Kwamboka mgongoni. Alilala juu ya rundo la maranda. Siku za kwanza nilipumua kwa mdomo. Sikumbuki ni siku gani niliacha kufanya hivyo.

Fundi hakuwa mtu wa kusifu. "Kiwiko chako kinatoka nje kama bawa la kuku," alikuwa akisema. "Kirudishe." Nilikata mstari ukaenda kombo, nikakata tena. Alinionyesha kwamba kitanda cha kudumu hakishikwi na msumari peke yake: mguu unachimbwa tundu la mraba kwa patasi, ubao wa ubavuni unachongwa ulimi, ulimi unaingia kwenye tundu kwa kubanwa. Tundu langu la kwanza lilikuwa pana. Alilichungulia kwa jicho moja akasema panya anaweza kulea watoto humo. La pili lilipasua mguu. La tano, ulimi uliingia nusu, nikaugonga kwa kiganja ukaingia wote, na ukatoa mlio mdogo, mzito, kama mlango unaofungwa na mtu anayejua nyumba. Nilijaribu kuuvuta utoke. Ulikataa. Nilisimama pale na mikono yangu yenye malengelenge nikahisi kwamba kuna kitu kimoja duniani ambacho kimenisikia.

Kwenye kituo cha chai walikuwa wameshajua. "Mikono hiyo ya gome la mti," mama mmoja aliniambia mbele ya wote, "nani atakuoa?"

"Sijaja kuolewa," nikamjibu. "Nimekuja kupima chai."

Nyumbani niliwalaza wadogo zangu chini kwa mstari nikawachora kwa mkaa kuwazunguka. Nilijilaza na mimi pembeni, Moraa akanichora. Tukapima kwa kamba, nikaongeza shubiri mbili kwa ajili ya kukua. Upana nilikuwa nao, urefu nilikuwa nao. Sikupima mlango. Haikunijia akilini kabisa.

Ijumaa kabla ya ile Jumapili vipande vyote vilikuwa tayari. Nilivihamisha kutoka Nyaramba kwa safari tatu, lakini mvua ilinikuta kwenye safari ya mwisho, na nilipoweka ubao wa mwisho chini jua lilikuwa linazama. Sabato ilikuwa imeingia. Sisi ni Wasabato tangu bibi yangu. Siku hiyo jembe halishikwi, nguo hazifuliwi, na mlio wa nyundo ungesikika mlima mzima. Fundi Ombui alinitabiria hayo mchana, akifunga patasi zake kwenye kitambaa. "Mimi ni Mkatoliki," alisema. "Jumamosi yangu ni ya kazi. Yako, shauri yako."

Asubuhi ya Sabato watu walipita kwenda kanisani wamevaa vizuri, na sisi hatukutoka. Nilifunga mlango na dirisha. Nilivingirisha kichwa cha nyundo kwa leso ya mama, mikunjo mitatu. Kanisa liko ng'ambo ya bonde tu, na kwaya yetu haijawahi kuwa ya kunong'ona. Walipoimba, nilipiga. Walipoomba, nilishusha nyundo, Moraa akashika ubao, na tukangoja. Nadhani sijawahi kufuatilia ibada kwa makini kama siku ile. Kwenye wimbo wa mwisho niligonga ulimi wa mwisho. Sikuomba msamaha siku ile, na mpaka leo sijaomba.

Tulitandaza mkeka na magunia juu ya mbao. Onsare alirukia, akaviringika mwanzo hadi mwisho. Kwamboka alikataa. Alisimama mlangoni pa chumba, mgongo wake ukutani.

"Sitaki. Ni lile sanduku la mama."

Nilikuwa nimesahau. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeivuta harufu ile ndani yangu mpaka ikawa yangu, na yeye alikuwa ameilalia kibandani, lakini pale nyumbani, ndani ya kuta zile zile, ilikuwa imerudi kuwa ile ya sebuleni. Nilipiga magoti.

"Lile lilikuwa na kifuniko," nilimwambia. "Hiki tafuta kifuniko chake."

Alitafuta kweli. Aliingia uvunguni, akatokea upande wa pili na vumbi kichwani. Akazunguka. Akapapasa kichwani na miguuni. Alipomaliza alininyooshea mikono nimpandishe.

Jumapili walikuja mapema. Baba mdogo alikuwa na wanawe wawili wakubwa, shangazi alikuwa na mfuko mtupu wa kubebea nguo za Moraa, na mzee wa kanisa alikuwa na Biblia yake. Niliwakaribisha. Sikuwapa viti, niliwapeleka moja kwa moja chumbani.

"Kitanda hiki hapa," nilisema.

Baba mdogo alikitazama kwa muda, akainama, akakwaruza ubao wa ubavuni kwa ukucha.

"Hizi ni mbao za kaka yangu."

"Ndiyo, baba mdogo. Ni za baba."

"Nani alikupa ruhusa ya kuzishusha?"

"Sikujua kuna wa kuombwa. Aliyezipandisha amekufa."

Shangazi alivuta pumzi. Baba mdogo alinyooka. Alisema kitanda ni kizuri, hakatai, na kwa kuwa ni mali ya marehemu kitagawanywa kama vitu vingine. Kitakwenda kwake pamoja na Onsare. Akawapa wanawe ishara.

Walikishika huku na huku. Kilifika mlangoni kikagota. Wakakilaza ubavu, miguu ikagota. Wakakisimamisha wima kama mtu, kikagota juu. Wakajaribu kuingiza mguu mmoja kwanza, wakakizungusha, wakakwangua ukuta mpaka udongo ukamwagika. Mimi mwenyewe nilikuwa natazama kwa mshangao kuliko wote. Ndipo nilipojua nimefanya nini.

"Kiliingiaje?" shangazi aliuliza.

"Hakikuingia. Kimezaliwa humu."

"Lini?"

"Jana."

Baba mdogo aligeuka taratibu. "Jana ilikuwa Sabato."

"Ndiyo."

Nilijua mzee wa kanisa ananitazama. Uso wangu ulikuwa wa moto, lakini sikuushusha. Baba mdogo aliona amepata pa kushika. "Mnaona?" aliwaambia. "Mnaona mtoto anayebaki bila mtu mzima? Leteni msumeno. Tukikate, kitoke."

Nilikwenda nyuma ya mlango nikauleta msumeno mimi mwenyewe, ule wenye mpini uliopasuka ambao Fundi aliniazima. Nilimwekea mkononi. Kisha nikapanda kitandani. Moraa akanifuata, akampandisha Kwamboka, Onsare akaja wa mwisho. Tukalala wanne kwa mstari kama kwenye ile michoro ya mkaa, macho juu kwenye mabati.

"Kata," nilisema. "Lakini kwanza sema tena mbele yao kwa nini tunapelekwa. Ulisema hatuna kitanda."

"Nilisema mambo mengi."

"Ulisema hilo," mzee wa kanisa alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi nilikuwepo. Na nilikubali."

"Mzee, kitanda si sababu."

"Basi sababu ni nini?"

Baba mdogo alifungua mdomo. Kutoka kitandani nilimwona akigeuza uso upande wa dirisha, mara moja tu, haraka, kama mtu anayeangalia kama mvua inakuja. Nje ya dirisha lile kuna chai yetu. Inaanzia ukutani inashuka mpaka kijitoni, na wakati huo ilikuwa imekomaa vizuri, ya kuchumwa kila wiki. Alifunga mdomo. Na mimi, nimelala pale na Kwamboka kwenye mkono wangu, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba nilikuwa nimetengeneza jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kitanda hakijawahi kuwa sababu. Lakini alikuwa amekitaja mbele ya mashahidi, na hangeweza kutaja kile kingine mbele ya mashahidi hao hao.

Msumeno aliuegemeza ukutani. Shangazi alikunja mfuko wake mara nne mpaka ukawa mdogo wa kufichwa mkononi.

Mzee wa kanisa alitoka wa mwisho. "Hilo la jana," aliniambia, "nitazungumza na wewe siku nyingine." Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tulikutana kila Sabato. Hakuzungumza.

Sitaki kudanganya kwamba yote yalikuwa mazuri kuanzia hapo. Shule zilifunguliwa nami sikurudi. Moraa alikwenda na sare yangu niliyoipunguza pindo. Baba mdogo hakutusalimia kwa misimu mingi, na kila aliyeniona na ubao begani alikuwa na la kusema. Kitanda chenyewe kina makosa ambayo leo ningeyaona nikiwa nimefumba macho. Mguu mmoja ni mfupi, umekaa juu ya kipande cha jiwe laini la kuchonga kutoka Tabaka. Kikigeukiwa kinalalamika. Zile shubiri mbili za kukua ziliisha mapema, tukaanza kulala kwa kupishana, vichwa huku na miguu kule, na Onsare alinipiga teke la pua zaidi ya mara moja. Lakini tuliamka wanne kila asubuhi, mpaka siku ambayo kila mmoja aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, kwa hiari yake, na kwa mlango ule ule.

Sikuwa fundi wa kazi. Bado nachuma chai, na napeleka ndizi mjini, Daraja Mbili, siku za soko. Ila nina kibanda kidogo nyuma ya nyumba na randa aliyoniachia Fundi Ombui, na mtu akinikuta humo jioni nimejaa maranda kichwani, ajue nimepumzika.

Jana Onsare alileta mwashi wa kujenga nyumba mpya. Walinyoosha kamba za msingi kuzunguka kitanda, kwa sababu kila mtu alikubali bila hata kujadiliana kwamba chumba hicho kitakuwa pale pale. Mwashi, mtu mwema wa Nyamira, alipima kitanda, akapima alama ya mlango, akakuna kichwa.

"Mama, huu mlango niupanue kidogo? Ili siku mkitaka kukitoa, kitoke."

Onsare alinitazama akitabasamu, na yale meno ya mbele ambayo yaliota zamani.

"Weka wa kawaida," nikamwambia.